UZI: Samaki wa mito ya kitropiki wanavyoishi kwenye maji yao wenyewe, mbali na tangi la kioo

Mkondo (mleta uzi) #1

Salaam wakuu.

Kuna jambo huwa linanikera kwenye mijadala ya samaki wa mapambo. Mtu atakwambia tetra wake anakula nini, tangi ni la lita ngapi na taa inawashwa saa ngapi. Muulize asili ya huyo samaki ni mto gani na mto wenyewe ukoje, anabaki kukodoa macho. Picha tuliyonayo wengi ni ya maji maangavu, mimea ya kijani imesimama wima, kokoto safi chini na mwanga tele. Mito ya hivyo ipo, lakini samaki wengi tunaowasifia rangi wametoka kwenye maji ya tope, au meusi, au yaliyofunikwa na giza la msitu, mara nyingi pasipo na mmea wa majini hata mmoja.

Nataka tuwaangalie wakiwa kwao. Naanza na Amazon kwa sababu hakuna bonde la mto duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hilo. Zimeshaorodheshwa zaidi ya 2,000.

Tumchukue tetra kardinali, yule mdogo wa sentimita 3 hivi, bluu juu na nyekundu chini. Kwao ni sehemu za juu za Rio Negro na baadhi ya vijito vya Orinoco. Maji ya Rio Negro yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na wala si uchafu. Msitu wa huko umeota juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Majani yanadondoka, yanaoza nusunusu, mvua inayasuuza, na ule mchanga hauna uwezo wa kuzuia chochote, kwa hiyo rangi yote inateremka mtoni. Maji yanakuwa na tindikali, pH (kipimo cha tindikali) inazunguka 4 hadi 5, na madini yaliyoyeyuka ndani yake ni machache kiasi kwamba yanakaribiana na maji ya mvua. Konokono hana chokaa ya kujengea gamba. Mmea hauna mwanga wa kuotea. Kinachojaa chini ni majani makavu, tabaka juu ya tabaka, na vijiti, na mizizi. Tetra anaishi humo, kwenye vijito vyembamba vya kivulini, akidonoa vijidudu vinavyozaliana katikati ya hayo majani.

Ule mstari wake wa bluu nao una mambo yake. Hauna rangi ya bluu ndani yake hata tone. Ni tabaka za fuwele ndogo mno kwenye ngozi, zinazorudisha mwanga wa bluu zikipigwa na mwanga. Ndiyo maana akilala usiku mstari unafifia, na asubuhi unarudi. Kwenye maji ambayo kila kitu kina wekundu wa kahawia, mstari kama huo unaonekana na wenzake hata pakiwa na giza kiasi.

Mwaka 1853 Alfred Russel Wallace, mtaalamu Mwingereza wa viumbe aliyekuwa amekaa Amazon tangu 1848 hadi 1852, aliandika kwamba maji ya mito ya huko yako ya namna tatu: meupe, meusi na maangavu. Hayo "meupe" msidhani ni masafi. Ni maji ya tope la hudhurungi mpauko lililoshuka na mito kutoka milima ya Andes. Maangavu ni kama Xingu na Tapajós, mito inayopita kwenye miamba mikongwe ambayo haina udongo mwingi uliobaki wa kumomonyoka. Karibu na jiji la Manaus, Brazil, Rio Negro yenye maji meusi na Solimões (ndiyo Amazon yenyewe kabla ya hapo) yenye maji meupe inakutana na kwenda bega kwa bega karibu kilomita 6 bila kuchanganyika, kwa sababu inatofautiana joto, kasi na uzito wa maji. Na samaki wa upande mmoja wengi hawana haja na upande wa pili.

Nje ya mada kidogo: Wallace akiwa njiani kurudi Uingereza, Agosti 1852, meli ilishika moto katikati ya Atlantiki. Karibu kila alichokusanya kikateketea. Alichowahi kunyakua ni kisanduku cha bati chenye michoro ya penseli ya samaki wa Rio Negro. Michoro hiyo, zaidi ya 200, ilikuja kuchapishwa mwaka 2002. Miaka 150 baadaye!

Naendelea chini.

Kichwangumu #2

Uzi bila picha mkuu? Haya, nimeweka kambi hata hivyo.

Bi Tausi #3

Mkondo, mimi tangi langu limejaa mimea mpaka tetra hawaonekani na wananawiri vizuri tu. Ina maana nawatesa?

Mkondo #4

Hapana dada, huwatesi. Mimea inawapa kivuli na maficho, na kivuli ndicho wanachokitafuta hata kwao, ila huko wanakipata kwa miti iliyoinamia maji. Kinachowasumbua ni mwanga mkali na mahali pa wazi. Ninachosimulia hapa ni asili yao, siyo sheria ya kufugia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi mzima: mafuriko.

Tumezoea kulisikia neno mafuriko kama balaa. Kwa samaki wa mito mikubwa ya kitropiki ndiyo mwaka wenyewe. Pale Manaus mto hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 10 hivi kila mwaka. Mita 10 ni ghorofa tatu. Maji yanatoka kwenye mkondo, yanaingia msituni na kukaa humo kwa miezi, na samaki wanayafuata. Wanaogelea katikati ya mashina na matawi, mahali ambapo miezi michache nyuma ungepita kwa miguu.

Huko ndiko kwenye chakula. Kuna mmoja anaitwa tambaqui, mpana, anafika hata mita moja na kilo 30. Meno yake ni magego kweli, ya kusagia. Anakaa chini ya mpira wa porini, ule mti wa utomvu, ambao tunda lake likikauka hupasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mbali. Mbegu zikianguka majini, tambaqui yupo hapo hapo. Zile ngumu anazivunja. Nyingine, hasa ndogo, anazimeza nzima na kwenda kuzitoa kwingine, na watafiti wamekuta anaweza kuzibeba zaidi ya kilomita 5. Kwa hiyo sehemu ya ule msitu imepandwa na samaki. Na samaki mkubwa hubeba mbegu nyingi na mbali zaidi kuliko mdogo, kwa hiyo wavuvi wanapowamaliza wakubwa, msitu nao unapoteza mpanzi wake.

Ila maji yaliyolala msituni yana tatizo: majani yanayooza yanakula oksijeni. Na maji ya joto tangu mwanzo hayabebi oksijeni nyingi. Maji ya nyuzi 10 yakishiba yana kama miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika 7 na nusu tu. Basi tambaqui hewa ikipungua, mdomo wake wa chini unavimba, unarefuka kwa mbele ndani ya saa chache, ukawa kama upawa. Anapanda juu na kunywa lile tabaka jembamba la maji linalogusana na hewa, kwa kuwa ndilo lenye oksijeni. Hali ikitengemaa, mdomo unanywea na kurudi ulivyokuwa.

Pirarucu, lile jitu linaloweza kufika mita 3, oksijeni yake nyingi halitoi kwenye maji. Linavuta hewa juu kila baada ya dakika chache, na ukilizuia chini linakufa maji kama mtu. Arawana yeye hababaiki na hewa, anaangalia juu tu: akimwona mdudu kwenye tawi anaruka mzima mzima kutoka majini na kumdaka.

Maji yanapoanza kushuka, karamu imekwisha. Samaki waliochelewa wananasa kwenye madimbwi, na huko ni ndege, mamba na wao kwa wao. Walionusurika wanaishi kwa mafuta waliyoyajaza mwilini msituni. Wengi hupanga kutaga mwanzoni mwa maji kupanda, ili vifaranga wakute msitu umefunguka. Mwaka 1989 Wolfgang Junk na wenzake wawili waliandika hoja kwamba msukumo huo wa mafuriko ndio unaoendesha uhai wa mito ya namna hii kuliko kitu kingine chochote. Mimi nakubaliana nao asilimia mia.

Wala si Amazon peke yake. Kambodia kuna mto Tonle Sap ambao kila mwaka hugeuza mwelekeo. Mekong ikifura, maji yanarudi nyuma, yanajaza ziwa, na ziwa linatanuka kutoka kama kilomita za mraba 2,500 hadi kufika 15,000. Mekong hiyo hiyo ndiko alikovuliwa samaki aitwaye taa, wa maji baridi, wa kilo 300, Juni 2022, mzito kuliko samaki yeyote wa maji baridi aliyewahi kurekodiwa. Walimwachia akarudi mtoni.

Dagaa Mchele #5

Mkuu umetisha. Ila hapo pa mdomo kuvimba na kunywea, maji ni ya rangi ya chai sawa, lakini hiyo yenyewe si chai kweli?

Mkondo #6

😂 Siyo chai. Imeshuhudiwa hata maabara. Ukimwekea maji yenye oksijeni kidogo unauona mdomo unakua mbele ya macho yako, na jina la samaki ni hilo hilo, tafuta.

Ndoano #7

Umeruka samaki wa umeme. Yule mkunga wa Amazon anatoa volti ngapi hasa, maana kila mtu anataja yake.

Mkondo #8

Mwaka 2019 iligundulika kwamba aliyedhaniwa ni mmoja kumbe ni aina tatu. Mmoja wao, waliyempa jina *Electrophorus voltai*, alipimwa volti 860. Mkondo wa umeme wenyewe ni wa muda mfupi mno, kwa hiyo si lazima akuue, lakini farasi aliyesimama majini anaweza kuanguka. Halafu tusidanganyane, huyo si mkunga. Ukoo wake uko karibu zaidi na kambare.

Mimi lakini wanaonivutia zaidi ni wale wenye umeme mdogo usioweza hata kukushtua. Mwalimu Pensheni najua upo, hapa ni kwako.

Mwalimu Pensheni #9

Nipo, ndugu zangu, nasoma kimyakimya.

Hao ni akina domodomo wa mito ya Afrika. Anakaa maji ya tope, anatembea usiku, macho hayamsaidii sana. Mkiani ana kiungo kinachotoa mapigo dhaifu ya umeme, na ngozi yake ina vipokezi. Kitu chochote kikipita karibu, jiwe, mzizi, funza, kinapinda lile wimbi, na yeye anasoma ule mpindo. Mapigo hayo hayo anayatumia kusemezana na wenzake. Kazi hiyo inataka ubongo. Kwa aina moja ya Kongo yenye kidevu kirefu, ubongo unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote anayoivuta. Binadamu ni 20 hivi.

Siri hii ilianza kufunguka mwaka 1951, Hans Lissmann wa Cambridge alipoonesha kwamba samaki wa Nile na Afrika Magharibi aitwaye *Gymnarchus* anatoa umeme muda wote. Alianza kumtilia shaka kwa sababu anaogelea kinyumenyume kwa wepesi uleule wa kwenda mbele, na hagongi kitu. Kilichonishangaza mimi ni kwamba samaki wa umeme dhaifu wa Amerika Kusini wako ukoo tofauti kabisa. Pande mbili za Atlantiki zimefikia jibu lilelile kila mmoja kivyake.

Na kama tumefika Kongo, naomba nitie neno. Chini ya Kinshasa mto unabanwa kwenye korongo na kushuka kwa maporomoko hadi Matadi. Kina kimepimwa zaidi ya mita 200, hakuna mto wenye kina zaidi ya hapo. Wavuvi walikuwa wakiokota juu ya maji samaki mmoja mweupe, asiye na macho, anayekufa au ameshakufa. Jina lake ni *Lamprologus lethops*. Melanie Stiassny wa makumbusho ya historia asilia ya New York na wenzake walipomchunguza walikuta mapovu ya hewa chini ya ngozi. Yale ni madhara ya kupandishwa haraka kutoka kina kirefu, yale yale yanayompata mzamiaji. Yaani anaishi huko chini gizani, mkondo ukimrusha juu anapasuka kwa mabadiliko ya kanieneo. Kipofu kama wa mapangoni, ila pango lake ni maji yenyewe.

Mkondo wa hapo una nguvu kiasi kwamba kwa baadhi ya samaki, wa ukingo huu na wa ukingo ule hawajaonana kwa vizazi na vizazi, na vinasaba vyao vimeshaanza kutofautiana.

Kichwangumu #10

Mwalimu heshima yako. Sasa piranha? Ile ya kumaliza ng'ombe dakika mbili?

Mkondo #11

Imetiwa chumvi sana. Piranha mwekundu anakula samaki, mapezi ya samaki, mizoga, hata mimea. Kule kutembea kundi, watafiti wamekuta kunahusu zaidi kujilinda: pomboo, mnandi na mamba wote wanamla. Watu huumwa, ndiyo, hasa kiangazi maji yakiwa machache au mtu akikanyaga karibu na mayai yake. Kidonda kimoja, basi. Hasubiri ng'ombe.

Ndoano #12

Na hizi rangi za madume? Kwa nini gapi (yule samaki mdogo wa mapambo) wa mwituni hajapendeza kama wa dukani?

Mkondo #13

Inategemea umemtoa sehemu gani ya mto. Kisiwa cha Trinidad vijito vinashuka mlimani kwa maporomoko. Chini ya poromoko wapo samaki wala-gapi, na madume ya hapo yamefifia. Juu yake, walaji wakubwa wameshindwa kupanda, na madume yana madoa makubwa ya kung'aa. Mwanabiolojia John Endler miaka ya 1970 aliwachukua gapi wa sehemu ya hatari akawahamishia kijito kisicho na wale walaji. Ndani ya miaka miwili kizazi kilikuwa kimeshaongeza rangi. Majike wanapenda rangi, mlaji naye anaiona. Anayeshinda kati yao ndiye anayeamua dume liweje. Wa dukani ameamuliwa na mfugaji.

Dagaa Mchele #14

Hao wala-gapi walioshindwa kupanda poromoko ni wazembe. Hakuna samaki anayepanda?

Mkondo #15

Wapo. Hawaii kuna goby mdogo anayepanda ukuta wa poromoko la hata mita 100. Tumboni mapezi yameungana yakawa kinyonyeo, na mdomo nao unanyonya. Anashika kwa mdomo, anavuta tumbo, anashika tena. Mayai anataga juu, vifaranga wanasombwa hadi baharini, wanakulia huko miezi kadhaa, kisha wanarudi na kuanza kukwea wakiwa wafupi kuliko kidole.

Bi Tausi #16

Umesema maisha yao yote ni kupanda na kushuka kwa maji. Mabwawa ya umeme yanayojengwa je? Nasikia huwa wanaweka ngazi za samaki.

Mkondo #17

Swali zito hilo. Ngazi nyingi zilibuniwa kwa mfano wa samoni, samaki wa mito ya baridi: mzazi anapanda, anataga, mtoto anashuka akiwa na nguvu zake. Wahamaji wengi wa mito ya kitropiki hawako hivyo. Mayai na vifaranga wachanga wanaelea na mkondo, na wanahitaji maji yanayotembea mfululizo. Bwawa linaweka ziwa lililolala katikati. Mzazi anaweza kupita ngazi akaenda kutaga, lakini mayai yakishuka yanafika kwenye maji yaliyosimama, yanazama au yanaliwa. Ndiyo maana wapo wanabiolojia wa Brazil wanaoziita ngazi hizo mtego.

Mfano mbaya zaidi ni dourada, kambare wa rangi ya dhahabu. Anazaliwa kwenye vijito vya miguuni mwa Andes, anasafirishwa na maji hadi karibu na Atlantiki, anakulia huko, kisha anarudi alikozaliwa kutaga. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 11,600, na hakuna samaki wa maji baridi anayejulikana kusafiri zaidi. Njia yake kuu mojawapo ni mto Madeira, unaomwaga maji Amazon, na mto huo katika muongo wa 2010 umewekwa mabwawa mawili, Santo Antônio na Jirau. Ngazi zipo. Dourada hazipandi ipasavyo, na huko juu Bolivia na Peru wamepungua.

Xingu nako ni vilevile. Pleko pundamilia, yule mweusi mwenye mistari myeupe, duniani kote anaishi kwenye kona moja tu ya mto, kwenye nyufa za miamba yenye maji ya kasi. Bwawa la Belo Monte limehamisha sehemu kubwa ya maji ya kona hiyo. Mwamba upo, ufa upo, mkondo ndio umepungua.

Bi Tausi #18

Inaumiza. Haya, la mwisho na la kwangu binafsi: nikitaka tetra wangu wapate maji yanayokaribia ya kwao, nafanyaje bila kununua dawa?

Mkondo #19

Majani makavu ya mkungu (ule mti wa kungu, siyo mkungu wa ndizi). Yaliyodondoka yenyewe, siyo ya kuchuma mabichi, na yasitoke kando ya barabara wala shamba lililopuliziwa dawa. Yasuuze, weka mawili matatu, baada ya siku chache maji yanageuka rangi na majani yanazama. Yaache yachakae humo humo. Ule utando unaoota juu yake wataushinda wakiudonoa. Punguza taa. Ila usitegemee pH ishuke kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, maana chokaa inaimeza tindikali yote. Hapo itabidi uchanganye na maji ya mvua, kidogokidogo, na upime kila ukichanganya.

Kichwangumu #20

Na picha mkuu. Bado nadai picha.